Honorata wa Kighare, Muuguzi Aliyefunga Mikono Yake

Alizaliwa Kighare, katika milima ya Ugweno, mwezi wa Machi mwaka 1931, mvua za masika zikiwa zimechelewa na watu wakigombea zamu za maji ya mfereji. Baba yake, Sebastiani, alikuwa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo wa kijiji kile, mtu wa maneno machache. Mama yake, Jenoveva, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Mbele ya Honorata alikuwepo kaka yake, Method, aliyemtangulia kwa miaka minne, na nyuma yake akafuata Stefani. Tunawaandikia waamini wenzetu habari za mwanamke huyu bila kuitangulia hukumu ya Kanisa, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kumwita mtu mtakatifu. Tunasema tuliyoyaona na tuliyoambiwa na walioona, na pale tusipojua tutanyamaza, jambo ambalo waandishi wa habari za watakatifu mara nyingi linawashinda.

Katika milima ile ng'ombe hafunguliwi kwenda malishoni kama kwa wenzetu wa tambarare. Hukaa zizini akaletewa majani, na kazi ya kuyaleta ni ya vijana wa nyumba. Mwezi wa Juni mwaka 1940 Method alipanda mti kukata majani ya ng'ombe, tawi likakatika, akaanguka na kuvunjika paja. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mganga wa mifupa aliitwa, akamfunga vizuri kwa vijiti, na baada ya miezi mitatu akaufungua mguu akasema mfupa umeunga. Lakini Jenoveva alikuwa amesikia mlio wa mfupa ule siku ulipovunjika, na mlio huo haukumtoka masikioni. Aliapa kwamba mwanawe hatakanyaga chini mpaka awe mzima kabisa. Akambeba mgongoni kumpeleka jikoni, akambeba kumtoa juani, akambeba kwenda kanisani Jumapili, mlima kupanda na mlima kushuka, na wanawake wote wa Kighare wakamsifu kwa upendo wake. Mguu ukanywea, magoti yakakunjamana, mgongo ukatoka vidonda. Method alifariki mwezi wa Agosti mwaka 1941 kwa homa ya vidonda vile, akiwa hajakanyaga chini kwa miezi kumi na minne.

Isipokuwa mara moja. Siku moja Jenoveva alikuwa amekwenda mtoni, na Method akamwomba mdogo wake amsaidie kusimama. Honorata, mtoto wa miaka kumi, akamshika kiuno akamwegemeza ukutani, kisha kwa maneno ya kaka yake mwenyewe akamwachia. Method akasimama. Akaanza kuhesabu kwa sauti, akafika ishirini na saba, huku akicheka na jasho likimtiririka. Hapo mama yake akaingia. Aliutupa mtungi, akamkumbatia Method na kumrudisha kitandani, kisha akamchapa Honorata mpaka majirani wakaja kuamua. Wazee wetu husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na methali hiyo ilisemwa sana katika matanga ya Method, kwa sauti ya chini, Jenoveva akiisikia. Honorata mwenyewe hakuitamka maisha yake yote.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, jambo lililokuwa adimu kwa msichana wa wakati ule. Alikataa posa mbili, moja ya mwalimu. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, aliomba ruhusa ya kwenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya misheni huko Uchagani. Sebastiani alikubali. Jenoveva aliuliza sababu, na hapa Honorata alifanya kosa la ujana, yaani alijibu ukweli wote kwa mara moja. Alisema, “Nataka wengine watembee, mama. Method alikuwa amesimama.” Jenoveva aliyekuwa akichambua maharage aliinuka na ungo wake akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakuongea tena na binti yake. Alipokuwa na neno alilipitisha kwa mtu mwingine, hata kama Honorata amekaa hatua mbili tu kutoka kwake: “Mwambieni huyo chakula kipo.” Kila Krismasi Honorata alipopanda kwenda kwao alisema, “Shikamoo, mama,” na kila Krismasi mama yake aliendelea na kazi aliyoishika mkononi. Mtu wa kwetu anajua uzito wa shikamoo isiyojibiwa. Honorata aliubeba mzigo huo miaka ishirini na miwili.

Alihitimu mwaka 1955 akabaki hospitalini hapo miaka minane. Baba yake alifariki mwaka 1959. Alitamani kuwa mtawa, lakini shirika aliloliomba lilitaka ridhaa ya mzazi, na mzazi aliyebaki hakuwa akizungumza naye. Basi akabaki mlei, bila mume, bila mtoto na bila masista wa kula nao ugali jioni. Wodini aliona jambo lililomrudisha Kighare kila siku: watu walitibiwa vizuri, wakatolewa plasta, wakaruhusiwa kwenda kwao, na nyumbani jamaa zao wakawaua kwa huruma. Waliwalisha, waliwaogesha, waliwabeba. Mwaka uliofuata wengine walirejeshwa na vidonda mgongoni, wengine hawakurejeshwa. Hospitali ilihitaji vitanda na haikuweza kukaa na mtu ambaye ugonjwa wake umekwisha ila hajui tena kutembea.

Mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tangu Uhuru na kila mtu akitafuta jambo la kuijenga, parokia ilimpa Honorata ghala kuukuu la mkonge nje kidogo ya mji wa Same, kwenye njia ya kwenda Kisiwani. Akatia humo vitanda kumi na viwili. Kanuni yake ilikuwa kwamba mgonjwa anapokewa kwa siku arobaini, siyo zaidi, kwa sababu nyuma yake kuna mwingine anayesubiri; na katika siku hizo anajifunza kuamka, kuvaa, kwenda chooni, kuteka maji na kurudi kwao kwa miguu yake. Watu wakaiita Nyumba ya Siku Arobaini. Wachekeshaji wa mjini walisema siku za mwizi ni arobaini na za mgonjwa wa Honorata ni hizo hizo. Msaidizi wake alikuwa Raheli, mjane Mlutheri wa Mbaga, aliyesali kwao na kufanya kazi kwetu, na mengi ya habari hizi tumeyapata kwake.

Namna yake ya kufanya kazi haikuwa imeandikwa katika kitabu chochote. Siku ya kwanza hakumgusa mgonjwa. Alikaa kwenye kigoda akauliza: Kwenu choo kiko upande gani? Mlango ni mfupi au mrefu? Maji mnateka wapi? Kuna mawe, mchanga au tope? Kisha yeye na Raheli walitoka uani wakaijenga njia ile. Mtu wa Kihurio alichimbiwa mfereji wa kuruka kama ile ya mashamba ya mpunga. Mtu wa milimani alipangiwa ngazi za mawe. Vibarua wa mkonge walioachwa na mkono mmoja na mashine, watu wa Kigoma na Songea wasio na jamaa hata mmoja karibu, walifundishwa kufunga kamba kwa meno. Uani kulikuwa na kamba mbili nene za mkonge zilizokazwa kwenye nguzo usawa wa kiuno, na katikati yake ndimo mgonjwa alimoanzia hatua. Mwaka 1967, baada ya Azimio, mwenyekiti wa TANU alifika na wageni akatoa hotuba ndefu kwamba hii ndiyo Siasa ya Kujitegemea yenyewe. Honorata alimshukuru, akamwomba misumari. Hakuipata.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane, na lililomtenga na watu, lilikuwa mikono yake. Mgonjwa alipoanguka, Honorata hakumwinua. Alisimama karibu akamwambia aanzie wapi, bega au goti, naye akangoja. Mwanzoni hakuweza, mikono ilikwenda yenyewe, maana hakuwa na moyo mgumu hata kidogo. Ndipo alipoanza kujifunga. Alichukua kipande cha kamba ya mkonge, akaifunga mikono yake nyuma ya mgongo na kumpa Raheli ncha aikaze, na hivyo ndivyo alivyosimamia mazoezi kila asubuhi. Watoto wa Same walimwita Mama Mikono Nyuma. Wanawake sokoni walimpa kisogo. Jamaa za wagonjwa, walioruhusiwa kufika Jumapili tu na kukaa kwenye benchi, walimwona baba yao akitambaa vumbini na muuguzi akimtazama, wakaondoka wakisimulia mambo ya kutisha. Na wale waliopona nao walikwenda zao. Waliahidi kurudi kumsalimu, na waliahidi kwa dhati, lakini mtu akishapata miguu ana mashamba ya kulima. Raheli anasema kila mgonjwa alipotoka siku yake ya arobaini Honorata alisimama langoni mpaka mtu yule alipopotea machoni, kisha akaingia ndani kutandika kitanda, na hapo ilikuwa afadhali kutomsemesha kwa muda.

Hatufichi kosa lake kubwa. Mwaka 1966 mzee Zebedayo wa Kihurio, aliyekuwa amebakiza siku sita, aliteleza kwenye mawe akavunjika nyonga upya mbele ya macho ya Honorata. Hakutembea tena mpaka kufa. Halmashauri ya parokia ilimwita, na wengi walitaka ghala lirudishwe. Alipopewa nafasi ya kujitetea alisema, “Jana yake nilimwona amechoka, sikumpumzisha. Kosa ni langu, si la njia.” Walimwachia nyumba kwa tofauti ya kura mbili. Tangu hapo, mara moja kila mwezi, alipanda lori la mkonge hadi Kihurio kumwogesha Zebedayo kwa mikono yake mwenyewe, miaka mitano mfululizo, na mzee yule, ambaye hakuwa mtu wa kusamehe haraka, alimruhusu lakini hakumsemesha. Alikuwa sasa na watu wawili wa namna hiyo.

Wapo waliomwelewa. Meitamei, mfugaji wa tambarare aliyekanyagwa na nyati mwaka 1969, aliletwa na ndugu zake sita wenye mikuki. Walipomwona anaachwa kuanguka walitaka kumchukua. Yeye mwenyewe, akiwa bado chini, aliwaambia kwa Kimaasai maneno ambayo baadaye Raheli alitafsiriwa: “Ndama akizaliwa mnambeba?” Ndugu walikaa. Meitamei alitoka siku ya thelathini na nne akitembea. Naye, tofauti na wengi, alirudi kila mwaka na maziwa.

Sasa tunafika kwenye jaribu ambalo kwa ajili yake tumeandika yote haya. Mwezi wa Juni mwaka 1974, wakati malori ya Operesheni yakihamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa huko tambarare, Jenoveva alianguka jikoni kwake Kighare akapooza upande wa kulia. Hospitali ilimtibu wiki tatu, ikamwandikia barua ya kwenda Same. Stefani alimshusha mlimani kwa machela, na tarehe 8 Julai akamlaza kwenye kitanda cha nne. Jenoveva alijua vizuri nyumba ile ni ya nani. Aligeukia ukutani. Honorata alisimama miguuni pa kitanda akasema, “Shikamoo, mama.” Akangoja, kisha akatoka.

Alimwambia Raheli, “Mfundishe wewe. Kwangu hatapokea.” Wala hakukosea, lakini Raheli, kwa kukiri kwake mwenyewe, hakumweza mwanamke yule. Jenoveva alikataa kukanyaga. Aliposema, “Nibebeni,” Raheli alimwona mama mtu mzima, mama wa tajiri wake, akaona haya, akambeba kwenda chooni. Alimbeba kesho yake pia. Stefani alipokuja Jumapili alifurahi, akasema nyumbani ameshaweka kitanda karibu na moto, na kwamba yeye ana mgongo imara, atambeba mama yake mpaka Mungu atakapomchukua. Siku ya kumi na tano Honorata alifunua shuka la mama yake aliyelala. Kisigino kilikuwa kimeanza kuwa chekundu. Aliutazama wekundu ule muda mrefu. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tano, na baada yake ulikuwa mgongo wa Stefani, na baada ya mgongo wa Stefani alijua kuna nini, kwa kuwa alikuwa ameshaona mara moja.

Hakumwuliza mama yake kwao kukoje. Alitoka uani asubuhi ile na toroli, akazunguka mji mzima akitafuta mawe bapa, akajenga kwa kumbukumbu: mteremko kutoka mlangoni, mawe matatu ya kushukia jikoni, la pili likiwa limeinama kidogo kushoto, kisha kizingiti kirefu na mlango mfupi wa kuinamia. Kazi ilimchukua siku mbili. Siku ya tatu alimtoa Jenoveva kwa kiti, akamweka juu ya mteremko ule, akafungwa mikono na Raheli, akasimama kando. Jenoveva aliyatazama mawe. Aliangalia la pili zaidi ya mengine. Ilipita asubuhi nzima. Karibu na saa sita aliushusha mguu wake wa kushoto, kisha kwa mkono akauvuta wa kulia, akaikanyagisha yote miwili chini.

Aliendelea hivyo kila siku, bila kumtazama binti yake. Jumapili ya tarehe 4 Agosti, siku ya ishirini na nane, benchi la jamaa lilijaa watu na Stefani alikuwa amekaa mbele. Jenoveva, akishika fimbo, alishuka jiwe la kwanza. Kwenye la pili mguu wa kulia ulikataa, naye akaanguka kwa ubavu, mzima mzima, na fimbo ikaenda mbali. Watu walipiga kelele. Stefani aliruka.

“Kaa, Stefani,” Honorata alisema.

Jenoveva alikuwa ameegemea jiwe, kilemba kimemtoka, mvi zake zimeingia vumbi. Aliinua uso. Alisema kwa sauti iliyosikiwa na benchi zima, “Honorata.” Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1952 kulitamka jina hilo akimwelekea mwenye jina. “Honorata, mimi ni mama yako.”

“Ndiyo, mama,” akajibu. “Lalia ubavu wa kushoto kwanza.”

Stefani alimwambia dada yake mbele za watu maneno ambayo baadaye alijuta. Alimwambia ana moyo wa jiwe, na kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mungu alijua alichofanya alipomnyima watoto. Honorata akarudia, “Kushoto kwanza, mama. Halafu kiwiko.” Raheli anasema mtu angeweza kusali makumi matatu ya rozari katika muda ule. Jenoveva alilalia kushoto, akapata kiwiko, akapata goti, akateleza, akapata tena. Kisha alishika jiwe la tatu akasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Raheli alipokwenda kumfungua Honorata alikuta kamba imeingia kwenye nyama za vifundo vya mikono na damu imefika vidoleni, kwa jinsi alivyokuwa akiivuta.

Asubuhi ya kesho yake Honorata alipita vitandani kama kawaida. Kwenye cha nne alisema, “Shikamoo, mama,” na kwa mazoea akawa ameshageuka kuelekea cha tano.

“Marahaba,” Jenoveva alisema.

Honorata aliendelea kusimama palepale akiwa ameshika karai, mpaka mgonjwa wa tano akamwuliza kama anaumwa.

Siku ya arobaini iliangukia Ijumaa tarehe 16 Agosti. Jenoveva alitembea kutoka kitandani hadi langoni kwa fimbo, akivuta mguu, lakini akitembea. Stefani alikuwa ametangulia barabarani kusimamisha basi. Pale langoni mama na binti walibaki wawili, na Raheli akiwa nyuma ya mlango. Jenoveva aliitazama barabara, akauliza bila kugeuka, “Method naye angetembea?”

Ndugu waamini, fikirini swali hilo lilikuwa la namna gani. Honorata alilijua jibu tangu akiwa na miaka kumi. Alilisikia likihesabiwa mpaka ishirini na saba. Maisha yake yote yalijengwa juu ya jibu hilo. Na alikuwa mwanamke asiyesema uongo, hata kwa halmashauri iliyotaka kumfukuza. Angesema ndiyo, angemtwisha mama yake mtoto yule mgongoni kwa mara ya pili, na safari hii bila mahali pa kumtua.

“Sijui, mama,” alisema. “Mungu ndiye ajuaye.”

Jenoveva alimtazama usoni, kitambo. Kisha alitoka langoni akaenda zake, wala hakugeuka. Honorata alisimama mpaka basi lilipoondoka, akaingia ndani akatandika kitanda cha nne.

Alimweleza Raheli kwamba uongo ule aliuungama Jumamosi ileile, na kwamba aliuungama tena, na tena, mpaka padri akamkataza kuurudia. Kilichomsumbua kilikuwa kwamba hakuweza kuujutia. Miaka saba iliyofuata alipanda Kighare kila Krismasi. Mama yake aliitika marahaba na kumpakulia chakula, na mara nyingine alimwuliza habari za mvua za Same. Zaidi ya hapo hawakuzungumza. Honorata alikuwa ametumaini neno moja kutoka kwa mama yake, na tunajua alilitumaini kwa sababu alimwambia Raheli hivyo waziwazi, siku moja wakifua mashuka: “Ningependa aniambie kama nilifanya vizuri au vibaya. Lolote.” Hakuambiwa. Tunaandika kwa uchungu kwamba mwanamke aliyewasimamisha watu mia nane na zaidi aliishi bila mtu wa kumwuliza usiku wake umekuwaje.

Alifariki tarehe 19 Machi mwaka 1981, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, akiwa na umri wa miaka hamsini. Ilikuwa saa kumi alasiri. Alikaa kwenye benchi la jamaa, mikono nyuma kama kawaida yake, akimsimamia Naipanoi, mama wa Kimaasai aliyekuwa akijifunza ngazi baada ya kuvunjika goti. Naipanoi alipanda na kushuka mara kumi kama alivyoagizwa, akaanguka mara mbili, akainuka mara mbili. Alipomaliza alisema, “Mama, tayari,” ndipo akaona kwamba macho yale yalikuwa hayamtazami tena. Moyo ulikuwa umesimama, na hakuna ajuaye ulisimama kwenye mzunguko wa ngapi.

Maajabu yanayosimuliwa ni mengi. Wapo wanaokwenda Same kuzishika kamba zake za mkonge na kusali, na mama mmoja wa Kisiwani anasema mwanawe alisimama siku ya tisa ya novena. Hatuyathibitishi wala hatuyakanushi. Hayo ni ya Kanisa kuyapima. La maziko lakini tunalisema, kwa maana umati mzima uliliona, na wengi wao wangali hai.

Walifika watu wasiohesabika siku ile, wale wote walioahidi kurudi na hawakurudi. Walikuja wakichechemea kutoka Kihurio, Kisiwani na milimani, wenye magongo, wenye mkono mmoja, Meitamei na ndugu zake. Jenoveva alishuka kutoka Kighare, umri wake ukikaribia miaka themanini, akaikataa machela na akaukataa mgongo wa Stefani. Wakati wa kutia udongo alisogea ukingoni mwa kaburi, akainama achukue donge, na mguu wa kulia ukakataa. Alianguka kwa ubavu juu ya udongo uliochimbuliwa. Padri alishusha kitabu. Stefani na jamaa wote walimkimbilia.

“Niacheni,” alisema. “Mtaniharibia kazi ya mwanangu.”

Wakasimama. Na wale waliopitia nyumba ile, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa na mtu, waliweka mikono yao nyuma ya mgongo. Wenye mkono mmoja wakauweka huo mmoja. Kanisa zima lilingoja pale juani. Jenoveva alilalia ubavu wa kushoto, akapata kiwiko, akapata goti, akasimama. Udongo ulikuwa bado mkononi mwake. Aliutia kaburini, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatizwa juzi tu:

“Ulijua, mwanangu. Ulijua, ukanihurumia.”

Basi sisi tulio na wagonjwa nyumbani, na sisi tulio na wazazi ambao hatujaambiana neno, tumwombe Mungu atujalie mambo mawili aliyokuwa nayo Honorata: kuizuia mikono yetu pale upendo unapotaka kuua, na kuufungua moyo pale ukweli unapoweza kuua. Na aliye na neno la kumwambia mtu, jema au baya, amwambie wakati mtu huyo bado ana masikio.